Kuchuja, kutenganisha au kukoleza seli?

SWALI: Naandaa mwongozo wa Kiswahili kwa mafundi wa maabara kuhusu chipu ya bei nafuu: kifereji kilichojiviringisha, kilichokatwa kwenye utepe wenye gundi pande mbili na kubanwa kati ya karatasi mbili za plastiki. Kazi yake ni kupata seli nyeupe za damu. Nimeandika: "Kifaa hiki huchuja seli nyeupe na kuzikoleza mara 10." Mhariri ameipigia mstari mwekundu sentensi yote. Kosa liko wapi?

JIBU: Kisarufi hakuna kosa. Tatizo ni maana, na linaanzia kwenye kitenzi cha kwanza.

Kuchuja kunataka chujio, kitu kimoja kipite na kingine kikwame. Ukichuja nazi, tui hupita na machicha hubaki. Je, seli nyeupe katika sentensi yako ni tui au ni machicha? Kitenzi hakisemi. Tena, katika mazungumzo ya kila siku mgombea aliyechujwa ni yule aliyeondolewa, kwa hiyo "seli nyeupe zimechujwa" wengi wataisoma kwamba zimetupwa.

Isitoshe, chipu yako haina chujio. Damu ikipita kwa kasi kwenye kifereji kilichopinda, seli kubwa hujipanga karibu na ukuta wa ndani wa mpindo, ndogo huchukuliwa na mizunguko ya mkondo, na zote hutoka, kila kundi kwa tundu lake. Fundi aliyeambiwa "huchuja" atatafuta chujio la kuosha, au atasukuma maji kinyumenyume akidhani seli zake zimenasa ndani. Andika "hutenganisha seli nyeupe na nyekundu", kisha taja kila kundi linatokea tundu lipi.

Hata hivyo kuchuja kuna mahali pake kwenye mwongozo huohuo. Kabla ya chipu, damu iliyotiwa EDTA ili isigande hupitishwa kwenye chujio lenye matundu ya mikroni 40 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ili mabonge na vumbi vibaki juu. Hapo andika bila wasiwasi: "Chuja damu, tupa kilichobaki kwenye chujio." Anayeruka hatua hii kifereji chake huziba, na shinikizo likipanda utepe hubanduka pale kwenye tundu la kuingizia.

Kati ya kutenga na kutenganisha, tofauti ni ndogo lakini ipo. Unatenga kimoja ukiwa hujali kinachobaki, kama fungu la fedha au mgonjwa wa kuambukiza. Unatenganisha vilivyochanganyika, na pande zote mbili unazihesabu. Kama tundu la pili linamwaga kwenye ndoo ya taka, "hutenga seli nyeupe" inatosha. Usiongeze "kabisa", tafadhali. Kanuni ya vifereji hivi ni kwamba seli hujipanga vizuri kipenyo chake kinapofika takriban asilimia 7 ya kimo cha kifereji, na kimo hicho ni unene wa utepe. Utepe wa mikroni 150 unaweka mpaka karibu na mikroni 10. Seli nyeupe nyingi zimevuka hapo, nyekundu zina mikroni 7 hadi 8, lakini limfosaiti ndogo, ambazo ni aina ya seli nyeupe, zinakaribiana na nyekundu kwa ukubwa na baadhi zitatokea upande usio wao.

Kukoleza ni neno zuri, ila linataka yambwa (kinachotendwa) inayolifaa. Kinachokolea ni mchanganyiko: chai, mchuzi, rangi. Basi sema "kukoleza sampuli", si "kukoleza seli", hasa kwa kuwa maabara hiyohiyo hupaka slaidi rangi ya Giemsa, na "seli zilizokolezwa" zitaeleweka kuwa zimeiva rangi. Mara ya kwanza ulitumiapo, lifafanue kwa vipimo: seli zilizokuwa kwenye mililita 10 sasa ziko kwenye mililita 1. Kinyume chake ni kuzimua, neno ambalo kila mtu analijua. Kulimbikiza usilitumie hapa. Seli zinazolimbikizana ndizo zinazoziba kifereji.

Sasa hiyo "mara 10". Kiswahili hutumia mara kwa kurudia tendo na kwa kuzidisha pia. "Kuzikoleza mara 10" kunaweza kumfanya fundi apitishe sampuli kwenye chipu raundi kumi. Kurudia kuandike "pitisha mara 3". Kuzidisha kuandike "ukolezi uwe mara 10 ya ule wa sampuli iliyoingia". Na "iliyoingia" usiiache, maana damu haiingii kwenye chipu kama ilivyotoka mshipani. Ikiwa nzito, seli hugongana na mstari wao huvurugika, kwa hiyo huzimuliwa kwanza. Ukizimua hadi kiwango cha 1 katika 20, kisha chipu ikakoleza mara 10, bado una nusu tu ya ukolezi wa damu ya mwanzo.

Angalia pia nilivyosema "1 katika 20", si "1 kwa 20". Ya kwanza ni sehemu 1 ya damu na 19 za maji ya chumvi. Ya pili wengine huipimia sehemu 20 kamili za maji, wakapata 21. Salama zaidi ni kuandika ujazo wenyewe: mikrolita 100 za damu, mikrolita 1,900 za maji ya chumvi.

Sentensi yako basi iwe: "Kifaa hiki hutenga seli nyeupe kwenye damu iliyozimuliwa na kuzitoa kwa tundu la ndani, zikiwa kwenye sehemu moja ya kumi ya ujazo ulioingia." Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini fundi atajua chupa aiweke chini ya tundu lipi.