Aliyemaliza kidato cha nne hakukimbia umande

Msomaji wa Kimara, Dar es Salaam, ananiuliza: "Mwalimu, umande ni neno la Kibantu au tumelikopa kwa Waarabu? Tena, umande na ukungu ni kitu kimoja? Nauliza kwa sababu mwenzangu kazini, tulipobishana kuhusu maneno ya barua fulani, alinitamkia mbele ya watu kwamba nimekimbia umande, ilhali mimi nilimaliza kidato cha nne."

Asili isitucheleweshe. Neno hili ni la Kibantu. Mwarabu ana neno lake, nada, ambalo halina undugu wowote na letu. Tunasema umande umekauka, umande huu, umande wa leo, kama tusemavyo upepo na ukungu, na kwa kuwa kitu chenyewe hakihesabiki, neno halina wingi. Anayeandika "maumande" kwenye kadi za mapenzi anajitungia lugha yake na mpenzi wake, nasi tuwaachie.

Maana ndiyo inayostahili kutuliwa, kwa sababu ugomvi wako wa ofisini umezaliwa humo. Usiku usio na mawingu wala upepo mwingi, ardhi na majani hupoteza joto upesi. Hewa inayoyagusa majani hayo hupoa, na mvuke uliomo ndani yake hugeuka kuwa matone palepale juu ya jani. Kwa hiyo umande haunyeshi wala haudondoki kutoka mawinguni, hata kama washairi wameuteremsha mara nyingi. Ukungu nao ni matone madogo mno yanayoelea hewani na kuziba macho. Ukungu huuona mbele yako. Umande huujua kwa miguu kulowa. (Ukungu wa mkate uliolala ni habari nyingine, nao haulowanishi mtu.)

Watu wa pwani wana maana ya pili ambayo vijana wa mjini wameisahau: umande ni pia ule upepo mwanana wa asubuhi utokao bara kuelekea baharini, ambao mvuvi wa Kunduchi aliyetweka tanga alfajiri aliutegemea umtoe nje. Maana hizi mbili hazikukutana kwa bahati, kwani nchi kavu hupoa usiku kuliko bahari, na kupoa huko huko kunakolowesha majani ndiko kunakousukuma upepo kwenda majini.

Sasa nije kwenye usemi wenyewe, ambao nimekuwa nikiuvumilia kwa miaka mingi na leo umenipatia kisingizio. Kukimbia umande ni kutokwenda shule. Picha yake ni ya mtoto wa kijijini anayeraushwa kabla jua halijachomoza, akapita peku kwenye njia nyembamba ambayo nyasi zake zimeinamia katikati, akafika darasani kaptura imelowa hadi mapajani na miguu imekufa ganzi kwa baridi. Aliyevumilia adha hiyo alisoma. Aliyeona heri abaki karibu na jiko la mama yake aliukimbia umande, na herufi akazikosa.

Juzi nilialikwa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani yangu, katika ukumbi mmoja hapa mjini. Mshereheshaji, kijana mwenye suti inayometameta na sauti ya kuamsha wafu, alimtambulisha mjomba wa binti kwa maneno haya: "Huyu mzee amekimbia umande mpaka akapata shahada ya pili!" Watu wakapiga makofi, na mjomba akainama kushukuru. Mimi nilibaki na kijiko mkononi. Yaonekana kijana yule alimwona mzee akiwa mtoto, akitimua mbio kwenye nyasi zenye umande ili awahi namba, na kwa kuwa mbio ni dalili ya bidii, akaona amemsifu. Lakini kukimbia kitu ni kukipa kisogo! Aliyekimbia simba hakukimbia pamoja na simba. Aliyekimbia deni halikimbilii kwenda kulilipa. Kwa tafsiri ya mshereheshaji wetu, mume aliyeikimbia familia yake apewe nishani ya malezi. Mjomba alitukanwa hadharani kwa kipaza sauti, akapigiwa makofi, na baadaye akamtunza fedha aliyemtukana.

Hata hivyo namsamehe mshereheshaji kuliko ninavyomsamehe mwenzako wa kazini, kwa sababu yule alikosea akitaka kusifu, na huyu anajua maana ya usemi lakini anaunyoosha umfunike kila asiyekuwa na shahada kama yake. Tufanye hesabu. Kwa mtaala uliousomea wewe, shule ya msingi ni miaka 7 na sekondari hadi kidato cha nne ni miaka 4. Jumla miaka 11 ya kurauka. Mtu aliyerauka miaka 11 anaweza kuambiwa hakufika chuo kikuu, anaweza hata kuambiwa barua yake ina makosa, ikiwa kweli inayo, lakini hawezi kuambiwa ameukimbia umande. Wala mihadhara ya chuo kikuu haikuwahi kumlowanisha mtu miguu. Kama mwenzako alitaka kusema kwamba elimu yake ni kubwa kuliko yako, Kiswahili kina maneno ya kutosha ya majivuno, achague mojawapo.

Usemi wenyewe siupigi marufuku, kwa kuwa ni mzuri na umebeba miguu ya watoto wengi. Ninachohofia ni kwamba umande wenyewe unatutoka. Mjukuu wangu anaishi Goba, hupakiwa kwenye basi la shule saa 11 alfajiri akiwa na soksi kavu na viatu vilivyong'arishwa, na hulala ameegemea kioo hadi getini. Umande anauona ukifutwa kwa tambara kwenye kioo cha mbele, na anayeufuta ni dereva. Siku akiamua kuacha shule, Mungu apishe mbali, watu wa mji huu watalazimika kusema kwamba amekimbia foleni, nami sitakuwa na hoja ya kuwapinga.