Maswali ya wasomaji: Kifundo cha mkono kinauma ukipiga pushapu au ukisimama kwa mikono

Barua tulizochagua safari hii zote zinalalamikia kifundo cha mkono, lakini dawa yake si moja. Kabla ya kusoma majibu, chukua kidole cha mkono wa pili ukiweke mahali hasa panapouma: mgongoni mwa kifundo, upande wa gumba, upande wa kidole cha mwisho, au kwa ndani. Mahali hapo ndipo panapoamua ufanye nini.

Habari za kazi, ndugu zangu. Nina miaka 27, kilo 72, naishi Sinza. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikienda Coco Beach kila jioni kujifunza kusimama kwa mikono. Nilichagua mchangani ili nikianguka nisiumie. Sasa kila nikikandamiza viganja chini, mgongo wa kifundo unachoma, mikono yote miwili. Nikiachia, maumivu yanakwisha. Niache mazoezi?

Usiache, ila ondoka mchangani. Mchanga unafaa kuangukia, haufai kusimamia. Uzito ukishuka, kitako cha kiganja (ile sehemu nene iliyo karibu na kifundo) huzama kuliko vidole, na kifundo hukunjika kupita digrii 90 ambazo zoezi lenyewe tayari linazidai. Watu wengi wakikunja kifundo kwa nguvu ya misuli peke yake hufika kama digrii 70. Zinazobaki hulazimishwa na uzito wa mwili. Hapo mifupa midogo ya kifundo husongamana upande wa nyuma na kuubana utando wa kiungo. Ndiyo maana panachoma ukikandamiza na kupoa ukiachia. Godoro laini lina kosa hilohilo. Hamia kwenye saruji, baraza la nyumba au mkeka mwembamba mgumu.

Sasa tupige hesabu ya mzigo. Pushapu ya kawaida hupeleka mikononi kama asilimia 65 ya uzito wako, yaani kilo 47 hivi. Ukipiga magoti, inakuwa karibu nusu ya uzito. Ukiweka mikono juu ya benchi lenye kimo cha sentimita 60, ni kama asilimia 40. Kusimama kwa mikono ni kilo zote 72, 36 kwa kila kifundo, na zaidi kidogo pale unaporusha miguu juu. Misuli huzoea mzigo mpya ndani ya wiki chache, lakini kano na tishu za viungo huhitaji miezi. Kufanya kila siku ndiko kulikokufikisha hapa.

Pima kwanza kama kifundo kinafika. Bana viganja pamoja mbele ya kifua kama mtu anayesali, kisha inua viwiko taratibu mpaka mikono, kuanzia kiwiko hadi kiwiko, iwe mstari mmoja ulionyooka. Vitako vya viganja vikiachana kabla ya hapo, hujafika digrii 90, na kila ukisimama kwa mikono unaazima pembe ambayo huna. Pima na mabega pia: lala chali, magoti yamekunjwa, nyoosha mikono juu ya kichwa bila kuinua mgongo. Isipogusa sakafu, ukiwa kichwa chini mabega yatatangulia mbele ya viganja, na kifundo ndicho kitakacholipa.

Wiki mbili za kwanza, usisimame kwa viganja bapa. Piga pushapu kwa ngumi juu ya kitu kisichoteleza, kifundo kikiwa kimenyooka, au weka mikono kwenye benchi. Ukitaka kuendelea kusimama, mwagize seremala, Keko wapo wengi, akutengenezee vishikio viwili vya mbao: mti wa duara wenye unene wa sentimita 4 na urefu wa 40, miguu mipana isiyoyumba. Ukishika mti, kifundo kinakaa karibu wima na ule msongamano wa nyuma unapungua sana. Ubao wa mteremko nao unasaidia, upande wa kifundo ukiwa juu kuliko wa vidole kwa sentimita 3. Usitumie kanga iliyokunjwa, itateleza.

Kila mara kabla ya mazoezi, piga magoti na uandae vifundo kwa dakika sita hivi. Viganja chini, vidole vikielekea mbele, egemea mbele na kurudi mara 15. Geuza vidole vielekee magotini, rudi nyuma kidogokidogo mara 10. Kisha vielekee nje, mara 10. Malizia kwa zoezi ambalo wengi hulipuuza nalo ndilo lenye faida kuliko yote: acha vidole vyote vimelala chini, inua kitako cha kiganja, kishushe polepole kwa hesabu ya tatu. Anza na seti 2 za mara 10, fika 3 za 15. Magoti yakiwa karibu na mikono mzigo ni mdogo. Ukiyasogeza nyuma unaongezeka.

Siku ambazo husimami, shika chupa ya maji ya lita moja na nusu, laza mkono mezani kifundo kikining'inia ukingoni, kiganja kikitazama chini. Inua, shusha kwa sekunde tatu, seti 3 za mara 15. Mchanga una kazi yake hapa: jaza ndoo ndogo, fumba na kufumbua vidole ndani yake kwa dakika mbili.

Ukirudi kwenye viganja bapa, fanya mara tatu kwa wiki, ukiruka angalau siku moja katikati. Jumla ya muda wa kusimama usizidi dakika 2 kwa siku, ongeza nusu dakika kila wiki. Vidole vipanuke, cha shahada kitazame mbele au nje kidogo, na uzito ukae kwenye mashina ya vidole badala ya kitako cha kiganja. Vikunje kidogo katikati, ncha zing'ang'anie sakafu. Hizo ncha ndizo breki zako ukianza kupitiliza. Maumivu yapime kwa alama 0 hadi 10. Yakizidi 3, au asubuhi ukaamka kifundo ni kibaya kuliko jana, rudi hatua moja.

Ukiona kivimbe laini kama gololi mgongoni mwa kifundo, usikipige na kitu kizito wala kukitoboa. Mwonyeshe daktari.

Hamjambo wanangu. Binti yangu ana miaka 12, anafanya sarakasi mara tano kwa wiki hapa Temeke. Kifundo cha kulia kinauma juu kidogo ya gumba, na kimevimba. Bibi yake anataka kumkanda kwa maji moto na kukivuta. Nikubali?

Shikamoo, mama, na tafadhali usikubali. Mtoto wa umri huo bado ana sahani ya ukuaji, tabaka la gegedu karibu na mwisho wa mfupa, ambako mfupa hurefukia. Kwa wanasarakasi wadogo, ile ya mfupa wa upande wa gumba ndiyo huumia kwa kugongwagongwa kila siku. Ikiharibika, mfupa huo unaweza kusimama kukua huku mwenzake ukiendelea, kifundo kikapinda. Aache kabisa kuegemea mikono, apelekwe kupigwa eksirei. Mapumziko huwa ya wiki nyingi, mara nyingine miezi. Mwalimu wake aelezwe wazi, na katika muda huo afanye mazoezi ya miguu, kunyumbuka na kusimama bila kuyumba. Kumkanda au kumvuta kunaweza kuongeza jeraha.

Mambo vipi wakuu, mimi ni bodaboda Mbagala. Napiga pushapu 100 kila asubuhi. Usiku vidole vinakufa ganzi mpaka naamka kukung'uta mkono.

Poa, ndugu. Vidole gani? Ikiwa ni gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, kuna uwezekano mkubwa mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo unabanwa. Wewe unaubana mara mbili: pushapu asubuhi, kisha mtetemo wa pikipiki na kuzungusha mshiko wa mafuta kifundo kikiwa kimekunjwa mchana kutwa. Ikiwa ni kidole cha mwisho na nusu nyingine ya cha pete, ni mshipa mwingine, na chanzo kinaweza kuwa kiwikoni.

Kwa huo wa kwanza, lala umevaa banzi, yaani kifaa kigumu kinachonyoosha kifundo, kwa wiki sita. Pushapu piga kwa ngumi. Shusha pembe ya breki na klachi ili mkono unyooke kutoka kigashani hadi vidoleni, na legeza mshiko kila ukisimama kwenye taa. Nyama ya shina la gumba ikianza kunywea au vitu vikikuponyoka, usingoje wiki sita, mwone daktari.

Nilianguka nikisimama kwa mikono, nikajikinga kwa kiganja. Siku ya nne leo. Hakuna uvimbe mkubwa, ila panauma shinani mwa gumba. Nafunga bendeji na kumeza diclofenac, naendelea. Ni sawa? (Kigamboni)

Si sawa. Inua gumba juu: penye kishimo kati ya kano mbili, bonyeza. Pakiuma, chukulia mfupa umevunjika hadi ithibitike vinginevyo. Kifupa kilichopo hapo hupata damu kwa shida, kikiachwa kinaweza kukosa kuunga. Diclofenac inakuficha maumivu, na ikimezwa siku nyingi bila ushauri inaumiza tumbo na figo. Bendeji ya kuvuta haishiki mfupa.

Nenda leo hospitali yenye eksirei. MOI pale Muhimbili ndiyo taasisi ya mifupa. Waeleze ulivyoanguka na uwaonyeshe kishimo hicho kwa kidole. Picha ya kwanza inaweza isionyeshe ufa, kwa hiyo ukiambiwa ni nzima na bado panauma, omba mkono ufungwe usitikisike pamoja na gumba, na urudi kupigwa nyingine baada ya siku 10 hadi 14.