Huzuni Si Cheti cha Akili

Wiki iliyopita msomaji mmoja, msichana anayesomea shahada ya uzamili hapa Nairobi, aliniandikia ujumbe mrefu uliomalizika kwa swali hili: "Dada, hivi akili nyingi ndiyo inayoninyima raha? Wenzangu wasiochimba mambo wanalala usingizi mzito, na mimi ninayeijua kila kasoro yangu ninakesha." Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile, lakini swali lake linastahili jibu refu zaidi, kwa maana najua kwamba wengi mnaonisoma mlikuwa mkiitwa mbele kila siku ya kufunga shule, na mmewahi kujiuliza jambo hilo hilo mkiwa peke yenu usiku.

Jibu langu ni hapana, na niko tayari kulitetea. Sijaona akili ikimnyima mtu furaha. Nimeona watu wakinyimwa furaha na mambo mengine mawili: kufundishwa tangu utotoni kwamba thamani yao yote imo kichwani, na kuzoea kujichunguza bila kufika mwisho wa uchunguzi wenyewe. Nimepitia yote mawili.

Nilikulia Jericho, Eastlands, katika nyumba ya kanju, yaani ya halmashauri ya jiji, ambamo mama alishonea nguo za watu kando ya kitanda tulicholalia watoto. Tangu darasa la kwanza nilikuwa wa kwanza, na nilipofika darasa la nne majirani walikuwa wakiwaleta watoto wao niwafanyie hesabu. Enzi hizo KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulikuwa wa alama 700, na matokeo yangu yalipotoka niliwapita wote katika shule yetu. Jumapili iliyofuata mchungaji alinisimamisha mbele ya waumini. Mzee mmoja wa kanisa akaniwekea kiganja utosini, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje kwamba kichwa hiki ndicho kitakachoutoa ukoo wetu katika umaskini. Watu walipiga makofi na mama alilia. Alama zile ninajivunia hadi leo, lakini uzito wa kiganja kile ninaukumbuka zaidi ya alama zenyewe, kwa sababu tangu siku hiyo kufanya vizuri hakukuwa furaha tena; kulikuwa kulipa deni ambalo sikulikopa.

Shule ya upili na chuo kikuu nitavipita haraka. Nilisomea hisabati na takwimu, nikafaulu vizuri, nikaajiriwa katika kampuni moja ya bima huko Upper Hill. Humo niligundua kasoro katika hesabu za viwango vya malipo ambayo wakubwa wangu hawakuwa wameiona, nikaiandikia ripoti, na meneja wangu akaiwasilisha kama yake. Nafasi ya kupandishwa cheo ilipotokea alipewa mwingine, nami nikaelezwa kwamba "ninafikiri mno na ninawatia watu wasiwasi." Hesabu za mwaka uliofuata zilionyesha kwamba nilikuwa sahihi, ila hakuna aliyerudi kuniambia hivyo. Sitaficha kwamba maneno yale bado yananiuma.

Tatizo kubwa, hata hivyo, lilianza baada ya kazi. Jioni nikiwa ndani ya matatu kwenye foleni ya Ngong Road nilikuwa nikikirudia kikao kizima neno kwa neno: nilisema nini, nani alimtazama nani, kwa nini mimi niko hivi, kwa nini sipendeki. Gari likifika Dagoretti Corner nilikuwa nimekwisha kuendesha kesi nzima dhidi yangu, na usiku kesi hiyo hiyo ilianza upya bila hukumu kutolewa. Walionizunguka waliniambia kwamba hayo ndiyo malipo ya kuwa na akili. Wengine walinikumbusha yale ya Mhubiri katika Biblia, kwamba aongezaye maarifa huongeza masikitiko.

Sasa tuyatazame yaliyochunguzwa. Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 waliopata alama za juu sana katika vipimo vya akili, na ufuatiliaji huo uliendelea kwa miongo mingi hata baada ya yeye kufariki mwaka 1956. Watu wa zama zake waliamini kwamba mtoto mwenye akili nyingi hukua akiwa dhaifu, mpweke na mwenye huzuni. Terman aliwakuta, kwa jumla, na afya njema na maisha thabiti kama ya watu wengine au hata kuwazidi. Lakini mwaka 1999 Carole Holahan na Charles Holahan walichapisha matokeo ya wazee wa kundi hilo hilo waliofikia umri wa miaka 80, na hapo ndipo nilipojiona. Wale waliokuwa wameambiwa wakiwa wadogo zaidi kwamba wamo katika kundi la wenye vipawa ndio walioelekea zaidi kuamini kwamba hawakufikia kiwango cha uwezo wao, na hali yao ya kinafsi haikuwa nzuri kama ya wenzao. Akili walikuwa nayo wote. Kilichowatofautisha ni wakati walipotangaziwa.

Wanaosema kwamba asiyefikiri sana ndiye mwenye raha hunikasirisha kwa sababu nyingine pia. Uchunguzi wa afya ya akili uliofanywa Uingereza mwaka 2007, na kuchambuliwa baadaye kwa watu 6,870, ulionyesha kwamba wenye alama za chini katika vipimo vya akili ndio walioripoti furaha ndogo zaidi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilielezwa na kipato kidogo, afya mbaya na kuhitaji msaada katika shughuli za kila siku. Kwa hiyo akili husaidia, hasa kwa kumfungulia mtu njia ya kupata riziki na matibabu. Anayemwonea wivu maskini kwa "raha" yake hajakaa naye.

Nawafahamu watu wanaomtolea mfano mama mboga wa langoni mwao, eti hucheka kutwa kwa kuwa hana mambo mengi kichwani. Yule wa langoni kwetu hufika soko la Marikiti kabla ya alfajiri. Jioni ninapomkuta ameviringisha majani ya sukuma wiki mkononi, kisu kinapita juu yake upesi na vipande vinaanguka vyembamba kama nyuzi, na bila kuinua macho ananiambia kwamba nina baki yangu ya jana, kwamba kreti ya nyanya imepanda tangu mvua ianze, na kwamba jirani wa ghorofa ya pili amlipe kabla ya Ijumaa. Madeni ya jengo zima yamo kichwani mwake bila daftari. Huyo si mtu asiyefikiri. Ni mtu ambaye akili yake imeelekezwa kwenye nyanya, wadeni na karo ya wanawe, na ingawa ana mashaka yake, mashaka hayo yana jambo la kufanyiwa kesho asubuhi.

Tofauti hiyo, kati ya mashaka yenye la kufanywa na kujichunguza kusikoisha, ina ushahidi. Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga eneo la San Francisco. Wiki mbili kabla ya hapo mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema, aliyekuwa Stanford, alikuwa amewahoji wanafunzi wa huko kuhusu wanavyofanya wanapokuwa na huzuni. Yeye na Jannay Morrow waliwahoji tena baada ya tetemeko, wakaona kwamba waliokuwa na mazoea ya kurudiarudia hisia zao, wakijiuliza kila mara kwa nini wanajisikia hivyo, ndio waliobaki na dalili nyingi zaidi za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, hata majuma saba baadaye. Tetemeko lilikuwa moja kwa wote.

Mshauri nasaha niliyemwendea, mama wa makamo mwenye ofisi ndogo karibu na Adams Arcade, hakunikataza kufikiri, na namshukuru kwa hilo, kwa sababu kumwambia mtu wa aina yetu "usifikirie sana" ni kumtukana. Alinipa daftari, akaniambia nitenge nusu saa ya jioni, niandike jambo linalonisumbua, na chini yake niandike hatua moja ya kuchukua kesho. Kama hakuna hatua, niandike "hakuna", nilifunge daftari. Usiku wa kwanza niliandika habari za yule meneja, na chini yake: "Kuomba maelezo kwa barua." Niliiandika barua hiyo. Haikujibiwa. Jioni ya siku niliyokata tamaa ya kujibiwa niliandika "hakuna", na ingawa sikulala vizuri usiku huo, nililala.

Basi ushauri wangu kwa yule msichana na kwenu nyote ni kwamba kila swali unalojiuliza kuhusu nafsi yako lidai kitendo. Ukijiuliza kwa nini uko hivi, endelea mpaka ufike kwenye utakachofanya, na usipokiona, ondoka hapo uende ukazungumze na mtu, ukaoshe vyombo, ukatembee katika bustani ya Arboretum. Jisemeshe pia kwa jina lako. Mwanasaikolojia Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba mtu anayejisemesha kwa jina lake badala ya kusema "mimi" hupungukiwa na fadhaa anapokabili jambo la kutisha, na baadaye halirudii sana moyoni. Mimi hutumia jina ninaloitwa nyumbani na dada zangu, kwa sababu mwenye jina hilo hakuwahi kudaiwa alama na mtu yeyote.

Lililo gumu zaidi kuliko hayo yote ni kuacha kuionea fahari huzuni. Katika mji huu kuna vijana werevu, wasomi, wenye maneno mazuri, wanaoamini kwamba kukosa raha ni uthibitisho kwamba wanaona mbali kuliko wengine, na kwamba wakifurahi watakuwa wamejishusha. Achaneni na imani hiyo. Mtu anayezijua kasoro zake zote na asizijue fadhila zake hajajitambua. Amejitambua nusu, na nusu hiyo si ya kweli kuliko ile nyingine. Kama kweli una akili, itumie kuona pia ni nani alikupigia simu bila kukuhitaji, na ni kazi gani uliyoifanya ikasimama. Hayo nayo ni ukweli.

Nisieleweke vibaya hapa: usingizi na hamu ya chakula vikikutoka kwa zaidi ya wiki mbili, na mambo uliyoyapenda yakakosa ladha, usiite hali hiyo kufikiri. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, unatibika, na daktari ndiye wa kuonwa, iwe ni katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari au katika hospitali iliyo karibu nawe.

Na ninyi wazazi, nasema nanyi kwa uchungu. Serikali ilipiga marufuku kuwapanga wanafunzi kwa nafasi katika mitihani ya kitaifa mwaka 2014, na KCPE yenyewe ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini kupanga kungali kunaendelea sebuleni kwetu na katika makundi ya WhatsApp ya ukoo. Mtoto wako akifaulu, mpongeze kwa kazi aliyoifanya, mpikie chapati, kisha umwache aende kucheza. Usimkabidhi ukoo auokoe. Na siku anapoleta ripoti ya shule, kabla hujaifungua, muulize alicheza na nani muhula huu na nini kilimchekesha, umsikilize mpaka amalize.