Udongo wenye afya unabadilisha mvinyo kweli? Jibu langu baada ya misimu 12

Mkuu, umeuliza kama udongo wenye afya unabadilisha mvinyo kweli au ni maneno ya kwenye lebo tu, na uanzie wapi na hiyo mizabibu yako michache. Mimi nina shamba lisilofika hekta moja, na mvinyo natengeneza mwenyewe. Unabadilisha, tena sana, ila si kwa namna inayosimuliwa na wengi.

Mzabibu haunyonyi ladha ya jiwe ukaileta kwenye glasi. Mwanajiolojia Alex Maltman amelieleza hili kwa kirefu: madini mengi yanayofika kwenye mvinyo ni kidogo mno, ulimi hauyatambui. Udongo unafanya kazi yake kupitia maji na chakula. Ukishika maji na kuyaachia polepole, punje zinabaki ndogo, rangi na ukakasi vinakolea. Nitrojeni ikizidi, mzabibu unakimbilia majani, vichala vinakaa kivulini na ukungu unaingia. Potasiamu ikizidi, uchachu unashuka na mvinyo unapooza.

Mimi nilianza na dawa ya kuua magugu chini ya mistari yote. Shamba lilipendeza kwa macho. Kisha siku moja nikachimba shimo la kufika gotini. Mizizi myembamba yote ilikuwa juu juu, chini yake tabaka gumu lililoshindiliwa na magurudumu, na sikukuta nyungunyungu hata mmoja. Mizabibu yangu ilikuwa inakula mbolea ya mfuko, udongo unaishikilia tu isianguke.

Nikaacha dawa, nikapanda nyasi kati ya mistari yote kwa mpigo. Hapo nilikosea, na naomba unisikilize vizuri. Nyasi zilinyang'anya mizabibu maji na nitrojeni. Msimu wa pili juisi ilikuwa tamu na safi, lakini chachu ilikuwa na njaa. Siku ya sita uchachukaji ukazubaa, pipa likanuka yai bovu. Chachu ikikosa nitrojeni hutoa haidrojeni salfaidi, ndiyo hiyo harufu. Wengi wetu tunahesabu miligramu 140 kwa lita za nitrojeni inayolika na chachu kuwa kiwango cha chini, na yangu ilikuwa 90. Inaniuma kuona wenzangu wanakata tamaa hapo hapo, wakiamini kwamba kuuachia udongo uwe hai ndiko kulikoharibu mvinyo, kumbe ni haraka tu.

Kilichonitoa ni kupanda mstari mmoja nyasi, mwingine mikunde, na kubadilishana kila msimu. Mikunde nailaza kabla mizabibu haijachanua maua, ili nitrojeni yake ipatikane mapema, siyo karibu na kuiva. Matawi yaliyopogolewa nayasaga na kuyachanganya na samadi iliyooza vizuri hadi yawe mboji, naweka kila baada ya miaka mitatu. Chombo chochote kizito hakiingii udongo ukiwa umelowa. Ilinichukua miaka minne kabla kipimo cha juisi hakijapita 140 bila mimi kuongeza kitu.

Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo bado linanisisimua. Nina sehemu mbili za shamba, juu kokoto, chini mfinyanzi, aina ileile ya zabibu. Miaka yote ya dawa na mbolea ya mfuko, mvinyo wa juu na wa chini ulikuwa ndugu mapacha. Sasa wa kokoto unatoka mwembamba, wa harufu nyingi, na wa mfinyanzi una mwili na ukakasi unaodumu mdomoni. Udongo ulikuwa uleule siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa nimeuziba mdomo.

Usisahau mrututu, ile chumvi ya shaba inayopuliziwa dhidi ya ukungu. Watu wanaona kwa kuwa unaruhusiwa kwenye kilimo hai basi hauna madhara. Mchanganyiko wa mrututu na chokaa umetumika dhidi ya ubwiri tangu miaka ya 1880 huko Bordeaux, na shaba yake haiozi wala haiondoki, inarundikana kwenye udongo wa juu, mahali hasa wanapoishi nyungunyungu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Mimi nimepunguza kwa kupunguza majani kuzunguka vichala ili upepo upite, na kwa kupulizia tu pale hali ya hewa inapolazimisha.

Kwa hiyo kabla hujanunua mbegu wala mboji, chukua sepeto siku mbili baada ya mvua. Chimba shimo moja kwenye mstari, jingine katikati ya mistari, la tatu nje ya shamba pasipolimwa. Ponda bonge la kila shimo mkononi, linuse, tazama mizizi imekomea wapi. Shimo la tatu litakuonyesha udongo wako ulivyokuwa kabla hujaugusa.