Maswali na Majibu: Biodizeli Inapochacha Stoo

Barua za safari hii nyingi ni za wenye mashine za kusaga na pampu za maji wanaotumia biodizeli ya mimea. Nimejibu zile zinazogusana.

Fundi, mashine yangu inatumia biodizeli ya mbono kaburi iliyokaa stoo tangu masika. Sasa filta inaziba kila mara. Nimeambiwa nitie antioksidanti. Itasaidia? (Morogoro)

Kwa hayo yaliyokwisha kukaa, hapana. Antioksidanti huchelewesha kuchacha, haiyarudishi yaliyochacha. Biodizeli ya mbono ina asidi ya linoleiki nyingi, mojawapo ya asidi za mafuta ya mimea, na hiyo hushika oksijeni kwa kasi ya kama mara 40 kuliko asidi ya oleiki iliyomo humo humo. Oksijeni ikishaingia, huzaliwa peroksidi, kisha asidi, mwisho gundi. Gundi hiyo ndiyo inayokaba filta, na isipokomea hapo itafika kwenye nozeli.

Fungua pipa unuse. Ukikuta harufu kali kama ya vanishi, mafuta yamekuwa mazito na ukutani mwa pipa kuna utandu unaonata, usiyatie kwenye injini. Ila kama filta ilianza kuziba wiki zile za kwanza kabisa za kutumia biodizeli, usiyasingizie mafuta: biodizeli huosha uchafu ulioachwa na dizeli ya zamani kwenye tangi. Badilisha filta, uendelee.

Dawa gani, na kiasi gani? (Singida)

Zinazotumika sana ni TBHQ, pirogaloli, propili galeti na BHT. Kwa biodizeli nyingi za mimea, TBHQ na pirogaloli hufanya vizuri kuliko BHT. Vitamini E ya asili ipo, lakini ni dhaifu. Kipimo cha kawaida ni kati ya miligramu 200 na 1,000 kwa kilo ya mafuta. Tuseme umechagua 500. Pipa la lita 200 lina biodizeli ya kilo 176 hivi, kwa hiyo unahitaji gramu 88. Pima kwa mizani, si kwa kijiko.

Watu wengi huharibu hapa: wanamwaga unga kwenye pipa, wanatikisa, basi. Unga unazama na kukaa chini. Chota lita chache, zipashe kidogo mbali na moto wa wazi, koroga mpaka usione chembe hata moja, ndipo umimine kwenye pipa na kukoroga tena. Vaa glavu na barakoa, pirogaloli ni sumu. Na fanya hivyo mafuta yakiwa mapya, mara tu yanapomaliza kuoshwa na kukaushwa maji. Kwa alizeti ya kwenu usichelewe kabisa, maana aina ya kawaida ina linoleiki nyingi kuliko hata mbono.

Nitajuaje kama dawa imefanya kazi? (Arusha)

Maabara hutumia kipimo cha Rancimat: mafuta yanapashwa hadi nyuzi 110, hewa inapulizwa ndani yake, na mvuke wake unapelekwa kwenye maji safi. Mafuta yakianza kuvunjika, asidi huingia kwenye maji hayo na umeme unaanza kupita kwa urahisi. Saa zilizopita hadi hapo ndiyo alama yako. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, kinadai saa 8. Cha Marekani, ASTM D6751, saa 3. Mbono isiyotiwa kitu mara nyingi haifiki kiwango cha Ulaya.

Pipa liwe la nini? (Kigoma)

Chuma cha pua au plastiki nzito. Epuka shaba, na mabati pia: shaba na zinki huharakisha kuchacha, hata kikiwa ni kipande cha bomba tu. Jaza pipa mpaka karibu na mdomo, hewa isipate nafasi, na uliweke kivulini.

Antioksidanti itaongeza nguvu na kupunguza moshi? (Mombasa)

Nguvu, usitarajie. Moshi ni habari ndefu kidogo. Ripoti ya EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, ya mwaka 2002 ilionyesha kuwa biodizeli tupu hupunguza masizi karibu nusu, lakini huongeza oksidi za naitrojeni kwa takriban asilimia 10. Baadhi ya antioksidanti, hasa za jamii ya amini, zimepunguza oksidi hizo kwenye majaribio ya injini, na mara kadhaa monoksidi ya kaboni ikapanda. Anayekuuzia kama dawa ya moshi anakuuzia maneno.

Sisi tuna nazi. Nikitia antioksidanti kwenye mafuta ya nazi, naweza kumimina moja kwa moja kwenye jenereta? (Pangani)

Usijaribu. Nazi haichachi upesi, kwa hiyo dawa hiyo ungeipoteza bure. Tatizo lake ni uzito. Mafuta ghafi ni mazito mara nyingi kuliko dizeli, na huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ili yawe biodizeli, yapitishe kwanza kwenye methanoli na sodiamu haidroksaidi, utenge gliserini, uoshe, ukaushe. Kama huna pa kufanyia hivyo kwa usalama, tumia dizeli ya kituoni na nazi uzipeleke sokoni.