Virusi viwili vya kamba wa majini vinaweza kuzaa cha tatu?

Ndugu yangu, umeuliza iwapo aina mbili za virusi vya kamba wa kufugwa zinaweza kuzaa ya tatu, na kama kamba wakavu uliowanunua Soko la Majengo ni salama. Zinaweza, ila sharti ziingie kwanza katika seli moja ya kamba mmoja. Mfano ulio wazi ni kirusi cha kichwa cha njano, kilichoonekana Thailand mwaka 1990, ambacho jenomu yake, yaani maelekezo yake yote ya urithi, ni uzi wa RNA (kemikali inayobeba maelekezo hayo) wenye herufi zaidi ya 26,000: kimeng'enya kinachonakili uzi huo huanza na aina moja, kisha huiacha kazi katikati na kurukia uzi wa aina ya pili, kama karani aliyefunuliwa daftari jingine akaendelea kunakili bila kutambua. Nakala chotara za namna hiyo zimepatikana kwa kamba wa nchi kadhaa za Asia, na kwa maoni yangu usafirishaji wa kamba wazazi na vifaranga hai ndio uliozikutanisha aina zilizokuwa mbalimbali, jinsi mkulima wa zabibu hapa Dodoma anavyoweza kuhamisha maradhi kwa kumpa jirani vipando. Kamba wako wapike tu, kwani virusi hivi havimwambukizi binadamu.