Simu na demokrasia: niliyoyaona nikiwa wakala wa kituo Kisauni

Mleta mada ameuliza kutoka Dodoma kama simu zimetuongezea sauti kwenye siasa au zimetuongezea kelele tu. Wengi mmemjibu kwa mfano wa vijana wa Kenya walioupinga Mswada wa Fedha wa 2024, nami sina ubishi. Ila nina mfano wangu, hauna hashtegi wala mabomu ya machozi: fomu 34A, ile karatasi ya matokeo ya urais ya kila kituo.

Agosti 9, 2022 nilikuwa wakala wa chama fulani (nisikitaje, posho yenyewe walinilipa nusu) kwenye shule moja ya msingi huku Kisauni, Mombasa. Kura ya gavana wetu ilikuwa imeahirishwa jana yake, watu wanafika foleni ndipo wanaambiwa, wengine wakageuza wakarudi makwao. Saa kumi na moja jioni tukafunga. Ya urais ikahesabiwa kwanza: msimamizi wa kituo anainua karatasi moja moja, anatuonyesha, sisi mawakala tunachora vijiti kwenye madaftari. Ilipokwisha akajaza fomu 34A, tukatia sahihi, tukagawiwa nakala, moja ikabandikwa mlangoni. Kisha akachukua kile kifaa cha KIEMS kilichokuwa kikisoma vidole vya watu tangu asubuhi, akaipiga fomu picha, akatuma. Haikwenda. Akatoka nacho uwanjani, mkono juu anatafuta mtandao, sisi nyuma yake kama vifaranga, mpaka ikapita.

Kwa nini sote tulimfuata? Kwa sababu ya 2017. Mwaka ule rais alitangazwa huku maelfu ya fomu za vituo hazijafika, wapinzani wakapiga kelele "fungueni seva", na Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi, jambo ambalo Afrika ilikuwa haijawahi kuliona. Kabla ya hapo, mwaka huohuo, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Maina Kiai ilishaamua kwamba hesabu ya kituoni ndiyo ya mwisho, hakuna mkubwa Nairobi wa kuigeuza. Kwa hiyo 2022 IEBC, tume yetu ya uchaguzi, ikaziweka picha za fomu za urais kwenye tovuti, vituo zaidi ya 46,000, mtu yeyote afungue.

Alfajiri nililala sebuleni na simu. Nikaifungua ile tovuti: kaunti, eneo bunge, wadi, kituo, mkondo (chumba cha kupigia kura). Ikafunguka: fomu yetu, imepinda kidogo, na ile sahihi yangu ya kuchoka. Nikaitoa nakala mfukoni nikalinganisha namba kwa namba. Zilikuwa sawa. Jamani, mimi nimepiga kura tangu 2002, na siku zote kura yangu ikishaingia sandukuni nilikuwa naiaga kama maiti. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuifuata nyuma.

Vurugu zikaja kwenye kujumlisha. Runinga zilikuwa zinachukua fomu zilezile kutoka tovuti ileile, lakini saa moja hiyohiyo hii inamwonyesha Raila mbele, ile Ruto. Hakukuwa na muujiza: huyu kaanza kuingiza fomu za Nyanza, ngome ya Raila, yule za Mlima Kenya, waliko wafuasi wengi wa Ruto. Nilijaribu kumweleza baba mkwe hilo, akanijibu, "Basi mnajumlisha wizi." Na vijana waliokesha na Excel mtaani walifika vituo mia kadhaa wakasalimu amri. Data kuwa wazi ni jambo moja, mwananchi kuimudu ni jambo jingine kabisa, na hapo katikati ndipo uongo ulipopata kiti.

Kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaa ilirushwa picha ya fomu "ya Kisauni" yenye namba zilizochezewa. Mimi mwenyewe, wakala, niliyekuwa na nakala ya kituo changu mfukoni, niliisambaza kwa watu watatu kabla sijaangalia jina la kituo. Kituo hicho hakikuwepo kwenye orodha. Nilirudi kuwaambia wale watatu, mmoja akanijibu kuwa nimenunuliwa.

Ruto alitangazwa Agosti 15 kwa asilimia 50.49, makamishna wanne kati ya saba wakajitenga na matokeo, kesi ikaenda. Mahakama ikaagiza ukaguzi, fomu za karatasi zikalinganishwa na zile za tovuti, na Septemba 5 ikaukataa ushahidi wa kuchezewa. Unaweza usiipende hukumu, lakini pande zote mbili zilibishania picha ambazo hata muuza mahamri angeweza kuzifungua. Na hapa, ndugu wa Dodoma, ndipo kwenu pana kazi ya ziada: ibara ya 41(7) ya Katiba yenu inaizuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais akishatangazwa na Tume. Hata mkipewa fomu zote kwenye simu, mtazipeleka wapi?

Sasa linganisha na kura ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, wadini kwetu. Fomu zake, 36A, hazikuwa kwenye ile tovuti ya umma. Mgombea wetu alishindwa kwa kura chache, akataka kuhakiki kabla ya kwenda kortini. Siku tatu nilikuwa nyuma ya bodaboda, nyumba kwa nyumba, nakusanya nakala za mawakala. Mmoja aliisahau kwenye suruali ikafuliwa. Wa pili mtoto alikuwa ameichora samaki upande wa nyuma, bahati namba zinasomeka. Wa tatu alikuwa ameshahamia Mtwapa, simu haipokei, na yake ndiyo tuliyokuwa tunaihitaji zaidi.